Nilivyoendesha Matatu Bila Leseni

Mpenzi msomaji, usishtuke kwa kichwa cha insha hii ukadhani nimewahi kulala korokoroni. Nina umri wa miaka 16, sina leseni, na mguu wangu haujawahi kukanyaga breki ya gari lolote lenye injini. Matatu niliyoiendesha ilikuwa ndani ya kioo cha laptopu, au kipakatalishi kama mwalimu mlezi wa chama chetu anavyotaka tuseme. Ni gemu ya mbio za magari ambayo bado haijatolewa kwa umma, nami nilikuwa miongoni mwa watu wachache walioitwa kuijaribu mara mbili katika mwaka wa 2025, likizo ya Aprili na likizo ya Agosti. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, na lipo langu la kusema.

Kwetu ni Kibera, upande wa Olympic. Mama yangu huuza nyanya, vitunguu na sukumawiki kando ya barabara, na jioni nikitoka shuleni mimi humsaidia kukata sukuma kwa wateja wasio na wakati. Hatua chache kutoka mezani petu kuna kibanda cha gemu. Wanaokaa mitaa yetu wanajua kwamba vibanda hivi ni vingi kama vinyozi. Televisheni mbili, PlayStation kuukuu, benchi la mbao, na shilingi kumi au ishirini kwa mchezo mmoja. Wazazi wengi huvichukia kama ukoma, na sishangai, kwa maana wapo vijana walioacha karo yao pale kidogo kidogo hadi ikaisha. Mchezo unaopendwa ni kandanda. Wakichoka na kandanda ndipo huweka magari.

Magari hayo ya kwenye kioo yana historia yake. Gemu iitwayo Gran Turismo ilitoka Ujapani mwaka 1997, na watu waliisifu kwa sababu gari lilikuwa na uzito kama gari, si kama karatasi inayopeperushwa na upepo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, kijana wa Uingereza aitwaye Jann Mardenborough alishinda shindano la wachezaji wa gemu hiyo, akafunzwa kuendesha gari la kweli la mashindano, na mwaka 2013 akashiriki mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa. Kwa hiyo anayesema gemu ni upuuzi mtupu hajasikia habari zote.

Hata Kenya yetu imo. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na njia za Kenya. Halafu kuna jambo lililonifurahisha nilipolisoma. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, iliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002. Ilitarajiwa kurudi mwaka 2020, lakini korona ikaizuia, ikarudi kule Naivasha Juni 2021. Hata hivyo, gemu ya WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na njia za Safari ndani yake. Mtoto wa Paris alilipita vumbi la Kenya kitandani mwake miezi tisa kabla madereva wenyewe hawajafika Naivasha!

Lakini Kenya ya gemu hizo ni Kenya ya nyika na vumbi. Sisi wa mitaani hatumo. Nilikuwa bado mtoto mdogo wakati kampuni ya Nairobi, Planet Rackus, ilipotoa gemu ya simu iitwayo Ma3Racer, ya kuendesha matatu. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Binamu yangu anayekaa Kawangware aliponiambia kwamba jirani yao anatengeneza gemu nyingine ya matatu, yenye barabara zetu wenyewe kutoka Kawangware hadi Kibera, na kwamba anatafuta watu wa kuijaribu, niliitikia kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi moja ya Aprili tulifunga safari, mimi na binamu yangu aliyekuwa amelala kwetu. Hatukuwa na nauli, tukatembea. Tulipitia soko la Toi, tukatokea Adams Arcade, tukafuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha tukashika Naivasha Road kuingia Kawangware. Njia nzima binamu yangu alinihimiza niangalie vizuri, "kwa sababu utaiona tena, manze." Sikumwelewa hadi baadaye.

Huyo jirani tulimwita Fundi, kwa kuwa mchana hutengeneza simu zilizoharibika. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Chumba chake kilikuwa kimoja, kitanda upande huu na meza upande ule, na juu ya meza laptopu iliyopoteza vifungo viwili. Kuandika programu alijifunza mwenyewe kwa masomo ya bure ya kwenye intaneti, akinunua bando za usiku kwa sababu ni nafuu. Tulikuwa wajaribu sita, wavulana watano na mimi. Mmoja alinitazama akasema, "Huyu siz ataweza kweli?" Fundi akamjibu, "Wacha aendeshe kwanza." Kila mmoja wetu alipewa karatasi yenye maswali matatu: Nini kimekufurahisha? Nini kimeharibika? Nini kiondolewe?

Mchezo ulipofunguliwa nilishika mdomo. Matatu ya rangi ya zambarau ilisimama kwenye steji ya 46 Kawangware, redio ikivuma, makanga akigonga bodi, ngo! ngo! Mbele yake kulikuwa na Naivasha Road, matuta yake, mikokoteni yake, bodaboda zinazochomoka kila upande. Halafu Dagoretti Corner, halafu Ngong Road pana, halafu kushuka hadi Kibera na kumalizia Olympic. Ni ile ile njia niliyokuwa nimeitembea kwa miguu saa moja iliyopita. Sijawahi kuona mtaa wangu ndani ya gemu. Nilihisi kama mtu aliyeitwa jina lake mbele ya gwaride.

Fundi alitueleza jinsi inavyofanya kazi. Kioo huchorwa upya mara thelathini kila sekunde, na kila mara programu huuliza: gari liko wapi, lina mwendo gani, limegusa nini? Kila kitu, gari au mti au kuku, kimezungukwa na sanduku lisiloonekana. Masanduku mawili yakigusana, programu hutazama orodha yake ili ijue la kufanya. Matatu aliipa uzito mwingi juu, kwa sababu ya abiria na mizigo, hivyo ukikata kona kwa pupa inalala ubavu. Nilipenda hapo. Zamu yangu ilipofika nilishika breki mapema kwenye kona, wavulana wakanipigia kelele "Kanyaga! Kanyaga!", nami nikawaacha wapige kelele. Nilimaliza wa tatu kati ya sita. Yule aliyeuliza kama nitaweza alikuwa wa tano.

Sasa nifikie kiini cha insha yangu. Mvulana mmoja alipokuwa akiendesha, foleni ilimkwamisha Ngong Road. Akatoka nje ya lami, akapita kando, pale ambapo watu hutembea na akina mama huweka meza zao. Pwaa! Akagonga meza ya nyanya. Nyanya ziliruka angani kama mvua nyekundu, mama mwenye leso akaanguka chali, na juu ya kioo yakatokea maandishi ya kijani: ongezeko la alama 50. Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Hata binamu yangu alicheka. Akarudia meza ya pili, na ya tatu. Alama 50. Alama 50.

Mimi sikucheka. Mei 2023 matatu moja ilikwepa foleni kwa namna hiyo hiyo, ikapita kando ya lami, ikaivaa meza ya mama yangu. Alivunjika mguu. Alikaa nyumbani miezi mitatu, na katika miezi hiyo mimi ndiye niliyeamka saa kumi na moja kupanga nyanya kabla ya kwenda shuleni. Dereva hakusimama. Mpaka leo hatujui ni nani.

Nilimwambia Fundi, "Kaka, hizo alama uzitoe." Akaniuliza kwa nini, nami nikamweleza mbele ya wote. Kicheko kikazimika kama mshumaa. Lakini msomaji, usidhani walikubali papo hapo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Fundi alisema kwa upole kwamba amesikitika, lakini gemu ni gemu, hakuna anayeumia, na watu hupenda kuona vitu vikiruka. Kwa kweli sikuwa na jibu la haraka. Katika kandanda ya PlayStation pia watu huvunjana miguu na hakuna anayelia.

Nikamwomba anionyeshe ile orodha ya masanduku. Akaifungua. Vyote vilikuwa mahali pamoja chini ya neno moja, vizuizi. Tairi, alama 5. Kuku, alama 20. Muuzaji, alama 50. Na chini kabisa: gari la polisi, alama 100, lakini hizo zilikuwa za kutolewa, si za kuongezwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikasema, kumbe gemu yako inajua kuogopa, ila imechagua wa kumwogopa. Fundi aliikuna shingo yake akakaa kimya. Mvulana mmoja akasema, "Hapo amekushika, buda."

Nilimwambia na jambo jingine ambalo si langu peke yangu. Takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu. Hao si watu wa gemu. Ndio hao waliokuwa wakipita nje ya mlango wa Fundi tulipokuwa tukibishana. Mwaka 2004 serikali ilileta zile kanuni ambazo watu waliziita za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Matatu zikapigwa mstari wa manjano, abiria wakafungwa mikanda, na mwendo ukawekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kanuni inaweza kuzuia injini. Kinachomchekesha dereva je, nani atakizuia?

Fundi alikuwa na sababu ya pili, na hii ilinifunza kitu. Alisema kila mtu anayechorwa kando ya barabara anakula nguvu ya simu. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo tulizo nazo, zikichora watu wengi huanza kukwamakwama. Ndiyo maana gemu nyingi barabara zake ni tupu. Watu ni mzigo. Ili aweze kuwaweka, alisema, ni lazima wawe na kazi ndani ya mchezo, na kazi aliyowapa ni kugongwa.

Basi nikachukua karatasi yangu, nikaandika kwa Kiswahili, kwani sikuona sababu ya kuandikia mtu wa Kawangware kwa Kiingereza. Penye "nini kimekufurahisha" niliandika kona ya Dagoretti na sauti ya makanga. Penye "nini kimeharibika" niliandika kwamba karibu na Olympic tuta moja halipo na kila mtu wa kwetu atalitafuta. Penye "nini kiondolewe" niliandika hivi: "Alama za wauzaji. Wauzaji wenyewe wabaki. Na dereva akimgonga mtu, asimame."

Nilirudi nyumbani nikidhani karatasi ile itafungiwa maandazi.

Mwezi wa Agosti tuliitwa tena. Wavulana walikuja wanne, maana mmoja alikuwa ameenda ushago. Gemu ilikuwa imebadilika. Sasa kulikuwa na steji njiani, nawe unapaswa kusimama, kupakia abiria na kuondoka kabla saa haijakwisha. Kadiri unavyowapakia wengi ndivyo unavyopata dakika zaidi. Ile njia ya kando ya lami bado ipo, na ukiipita unaokoa wakati, lakini sasa imejaa meza. Ukigusa meza, redio inazima. Injini inazima. Matatu inasimama pale pale kwa sekunde kumi na tano, saa ikiendelea kuhesabu, abiria wakishuka mmoja mmoja. Huwezi kubonyeza chochote ukaondoka. Dereva wa gemu hii hawezi kukimbia.

Mara ya kwanza ilipotokea nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi. Sekunde kumi na tano ni nyingi kuliko unavyofikiri. Sikusema neno, na hakuna aliyeniuliza.

Je, wengine waliipenda? Sitawadanganya. Mmoja alilalamika kwamba "imekuwa ya church." Mwingine alisema ile ya kwanza ilikuwa na raha zaidi, akatoka nje kwenda kununua miwa. Lakini yule yule wa "church" alijaribu kupita kando ya lami bila kugusa meza hata moja, akashindwa, akaanza upya, akashindwa, akaanza upya, hadi Fundi akamwambia aachie wengine. Nikagundua kwamba kugonga ni rahisi, hata mtoto wa chekechea anaweza. Kupita kasi bila kumgusa mtu ndiko kunakotaka dereva. Nilimaliza wa pili siku hiyo, na padi ilikuwa ikiteleza kwa jasho la mikono yangu.

Hatukukubaliana katika yote. Nilitaka hiyo njia ya kando ya lami iondolewe kabisa. Fundi alikataa katakata. "Hiyo ndiyo Nairobi, siz," alisema. "Nikiitoa utaniambia hii ni Uswizi." Nimelifikiria jibu lake kwa wiki nyingi. Naona ana nusu ya ukweli. Gemu ikionyesha barabara safi isiyo na tamaa, haimfunzi mtu chochote na wala haimfurahishi. Nusu iliyobaki bado tunabishana.

Jambo moja tulikubaliana bila shida, nalo litawafurahisha wanachama wa chama chetu. Maneno yote ya gemu yalikuwa ya Kiingereza. Nikamwuliza matatu ya Kawangware inawezaje kuongea kama ndege ya kwenda London. Akaniambia nitafsiri. Tulikaa jioni nzima, mimi na binamu yangu, tukitafuta maneno yanayotosha kwenye kitufe kidogo cha simu. Anza. Pumzika. Rudia. Kwa makanga tuliacha lugha yake: "Beba! Beba!", "Songa mbele!", "Shukisha!" Fundi alitaka kuandika "mchezo umekwisha" kwa mwisho wa safari, binamu yangu akasema hakuna makanga duniani anayesema hivyo. Tukaandika "Mwisho wa gari, shukeni."

Siku hiyo Fundi aliiweka gemu kwenye simu ya binamu yangu ili tuone kama itakwama, na jioni tukaibeba hadi Kibera. Mama alikuwa anafunga biashara. Alitutazama tukicheza, simu ameiweka karibu na macho, akitembeza kidole kwenye barabara ile ile aliyoketi kando yake. Nilingoja aseme kitu kuhusu meza, au kuhusu matatu inayosimama. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mbona hawa wauzaji wote hawana mteja hata mmoja?"

Tulicheka hadi binamu yangu akakaa chini. Lakini Mama hakuwa anatania. Kwake meza isiyo na mteja ni habari mbaya. Niliichukua karatasi yangu ya Agosti, nikaliandika swali lake kama lilivyo na kumpelekea Fundi. Anasema wateja watakula nguvu ya simu. Nimemwambia atafute njia, kwa kuwa muuzaji asiye na mteja ni sanamu tu, na sanamu haimwumi mtu roho ikigongwa.

Wenzangu, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Gemu nyingi tunazozicheza zimetengenezwa na watu wasiolala katika nyumba zetu, na hatuwezi kuwalaumu kwa kutoziona meza za mama zetu. Lakini hii ilitengenezwa na mtu wa Kawangware, nusu saa kutoka kwetu kwa matatu, na bado muuzaji alikuwa alama 50. Haitoshi mtengenezaji awe wetu. Ni lazima na sisi tunaoitwa kujaribu tufungue midomo, hata kama chumba kizima kinacheka. Basi ukiletewa kitu na kuulizwa maoni yako, iwe ni gemu, iwe ni kanuni mpya za shule, iwe ni gazeti hili, usiandike "ni nzuri" ukaenda zako.

Gemu bado haijatoka. Fundi anaendelea nayo usiku, bando zikimruhusu. Itakapotoka, nawaomba mkifika Olympic mpunguze mwendo. Upande wa kushoto kuna meza ya nyanya yenye mwavuli wa kijani, na tuta lile sasa lipo.